Nilikaribia Kumtoa Mwanangu Shule

Likizo ya siku 28, unga wa ngano na vitabu vitatu vilitosha kuitikisa ndoa yetu. Mama mmoja wa Dar anasimulia Desemba yake.

Nianze kwa kukiri. Mpaka Desemba iliyopita mimi nilikuwa mama wa mwanangu kwa nusu saa kwa siku.

Sikutii chumvi. Tunaishi Mbezi, kando ya Barabara ya Morogoro. Kazi yangu iko Posta. Shule ya binti yetu, ambaye hapa nitamwita Siti, ilikuwa Mikocheni. Basi la shule lilikuwa linampitia saa kumi na moja alfajiri, maana lazima lizunguke kuokota watoto kabla foleni haijakaza. Kumrudisha ni saa kumi na mbili jioni. Mimi nafika saa mbili usiku, siku nyingine saa tatu. Namkuta kalala kwenye kochi na sare yake, dada ameshamlisha. Mtoto ana miaka 8.

Utasema, si kuna wikiendi? Jumamosi asubuhi ana tuisheni. Mchana mimi nina saluni, jioni kuna kikao cha harusi ya mtu. Jumapili ni kufua, kupiga pasi na kazi za shule alizopewa Ijumaa. Kwa hiyo nusu saa niliyoitaja ni ile ya alfajiri, ya kumvalisha soksi huku anasinzia.

Mwezi wa kumi na moja ofisini wakanikumbusha kwamba sijagusa likizo yangu ya mwaka, siku zote 28. Nikaichukua Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Baba Siti akatania: "Utaweza kweli kukaa nyumbani wewe?" Nikamwambia atashangaa. Kweli alishangaa, ila si kwa namna tuliyoitegemea.

Mawe ya Kunduchi

Tulipooana tulizawadiwa jiko la gesi la mafiga manne, lenye oveni chini. Miaka yote ile oveni ilikuwa kabati la kuwekea masufuria. Najua nina wenzangu wengi katika hili, msijifiche.

Siku ya pili ya likizo mvua ilinyesha kutwa, umeme ukakatika, televisheni ikazima. Siti akaniuliza, "Mama, skonzi zinatoka wapi?" Nikamjibu zinatoka dukani. Akasema, "Kabla ya dukani?"

Basi tukatoa masufuria, tukafuta vumbi, tukakanda unga. Zile skonzi za kwanza zilikuwa ngumu kama mawe ya Kunduchi. Baba Siti alirudi, akagonga moja kwenye meza, akauliza kama tunajenga ukuta. Kosa lilikuwa langu. Maziwa niliyachemsha, nikayamimina ya moto kabisa juu ya hamira, nikaiua.

"Umeiua?" Siti akashtuka. "Kwani ilikuwa hai?"

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Tukasoma pamoja. Hamira ni viumbe hai, jamii ya kuvu, wadogo kiasi kwamba huwaoni kwa macho. Wanakula sukari, wanatoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na hewa hiyo ndiyo inayolivimbisha donge. Tukachukua chupa ya maji, tukatia maji ya uvuguvugu, sukari na hamira, tukavisha puto mdomoni. Baada ya muda puto likaanza kunyanyuka lenyewe. Siti alipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Kuanzia siku ile tukawa tunaoka karibu kila siku: skonzi, mkate wa mayai, keki ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Akawa anapima yeye. Vikombe viwili, nusu, robo. Huyu ni mtoto aliyekuwa amerudi na ripoti ya muhula inayosema ni wa 41 kati ya 46, na kwenye hisabati pameandikwa "Aongeze bidii." Sasa naye alikuwa ananisahihisha mimi: "Mama, hiyo siyo robo, umezidisha."

Nikawa namtazama na unga wake kwenye nyusi, najiuliza: huyu mtoto kule shule wanamfanya nini?

Usiku na vitabu

Swali lile likanikosesha usingizi. Siti akilala, mimi nasoma. Nikaingia kwenye habari ya wazazi wanaosomesha watoto wao nyumbani, wao wenyewe, bila kuwapeleka shule kabisa. Nikaanza na John Holt, Mmarekani aliyekuwa mwalimu. Mwaka 1964 alitoa kitabu kinachoitwa How Children Fail. Alikuwa amekaa darasani akiwaangalia watoto, akaona wengi hawafikirii somo. Wanafikiria namna ya kumridhisha mwalimu na kukwepa aibu. Nikamuona Siti wangu pale. Baadaye Holt alikata tamaa kwamba shule zitabadilika, na mwaka 1977 akaanzisha jarida la wazazi wanaosomesha nyumbani.

Nikamsoma na Charlotte Mason, Mwingereza aliyefariki mwaka 1923. Yeye aliwataka wazazi wawape watoto wadogo masomo mafupi, dakika 20 zisipite, kisha wawatoe nje wakatazame majani, ndege na wadudu. Mwanangu mimi alikuwa anakaa kwenye basi muda mrefu kuliko masomo ya asubuhi nzima ya mama huyu!

Nikapitia hata Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, ya mwaka 1967, ambayo shuleni niliikariri kwa ajili ya mtihani tu. Safari hii niliisoma kama mzazi. Mwalimu analalamika kwamba shule tulizorithi zinamtenga mtoto na jamii yake, zinamfanya aone elimu yote iko vitabuni na wazee wake hawana wanalojua. Nikasema, yaani hata Mwalimu yuko upande wangu! Tamaa hiyo. Mwalimu alitaka shule zibadilike ziwe na mashamba na kazi za mikono. Hakusema tufunge watoto nyumbani.

Kuhusu nchi za wenzetu, nikagundua hawakubaliani. Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote 50, ingawa masharti yanatofautiana. Uingereza sheria inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu, iwe shuleni au kwa njia nyingine. Ujerumani hawataki kusikia, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa malalamiko ya familia iliyotaka kusomesha watoto wake nyumbani kwa sababu za dini.

Na kwetu? Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikia umri wa shule aandikishwe shule ya msingi, na mzazi ahakikishe anahudhuria mpaka amalize. Hata mtihani wa kumaliza shule ya msingi mtoto anaufanya kupitia shule aliyosajiliwa. Niliyaona haya yote kwa macho yangu, nikayaruka. Nilikuwa nimeshanogewa. Kichwani nilikuwa nimeshapanga ratiba, hisabati asubuhi na kuoka mchana. Nilishaandika mpaka barua ya kuacha kazi. Kilichobaki ni kumwambia mwenye nyumba.

"Neno ni hilohilo"

Nilimwambia Baba Siti usiku, baada ya kula. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja ya pesa, maana mshahara wangu ukiondoka tungeyumba. Nilikuwa na hesabu zangu kwenye karatasi. Hakuigusa.

"Mama Siti, umesikia unachosema?"

"Mtoto ana furaha, Baba Siti. Hujamuona?"

"Nimemuona. Yuko jikoni."

"Kwani jikoni kuna nini?"

Akasogeza sahani pembeni. Mume wangu si msemaji. Katika miaka kumi ya ndoa alikuwa hajawahi kunisimulia habari hii mpaka mwisho.

Yeye ni mtu wa Pangani. Dada yake anayemfuata kwa juu, wifi yangu, alikuwa na akili ya hesabu kuliko wote pale nyumbani. Mama yao alikuwa anauza vitumbua. Miaka ya tisini mwanzoni, wakati huo shule za msingi zikiwa na ada na michango, mama akaanza kuugua. Wifi alikuwa darasa la tatu. Wazee wakakaa, wakaamua.

"Wakasema huyu wa kike abaki, atajifunza nyumbani," Baba Siti akaniambia. "Neno ni hilohilo, Mama Siti. Atajifunza nyumbani. Mimi nikaendelea. Ada yangu ilitoka kwenye vitumbua vyake."

Ada za shule za msingi zilikuja kufutwa na mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2002. Wifi wakati huo alikuwa ameshaolewa na ana mtoto mgongoni.

Nikajitetea. Nikasema mimi si kama wazee wale, mimi nina digrii, nina vitabu, nampenda mwanangu. Akanijibu kwamba hata mama yake alimpenda binti yake. Nikalia. Yeye akatoka nje kukaa barazani. Usiku ule tulilala mzungu wa nne, na kwa siku tatu tukawa tunaongea mambo ya chumvi na luku tu. Barua yangu ikabaki kwenye droo.

Wifi alipokuja

Kama kuna aliyepanga sijui, lakini wiki ile ya kufunga mwaka wifi akaja Dar kutibiwa mgongo. Kuinama kwenye jiko miaka thelathini si mchezo.

Siku ya pili asubuhi gesi ikaisha, na mimi na Siti tulishachanganya keki. Nikataka kuimwaga. Wifi akacheka. Akaomba jiko la mkaa na sufuria nzito, akaipaka mafuta, akamimina, akafunika na mfuniko wa bati, akapalia makaa juu na chini. Akamwambia Siti makaa ya juu yawe mengi, ya chini machache, la sivyo keki itaungua matako kabla haijaiva kichwa. Siti alikaa chini kwa kicheko.

Mkono wa pili tukataka kuoka nusu ya kipimo. Kijikaratasi kilisema sukari robo tatu ya kikombe. Nusu ya robo tatu ni ngapi? Siti akanitazama, mimi nikatafuta simu nipige hesabu. Wifi bila hata kugeuka akasema, "Thumuni tatu."

"Thumuni ni nini, Shangazi?"

"Robo ukiikata katikati unapata thumuni. Una robo tatu, kila moja ikate. Chukua vipande vitatu, viache vitatu."

Msomaji, ile ndiyo hesabu ya sehemu iliyomliza Siti muhula mzima. Aliielewa palepale. Nami moyoni nikashangilia: si hiki ndicho Holt alichokuwa anakisema? Nikamtazama Baba Siti aliyekuwa mlangoni anafunga viatu. Nilitaka aone.

Dakika chache baadaye simu ya wifi ikalia, ujumbe umeingia. Akafuta mikono kwenye kanga, akaichukua, akaishika mbali, akaisogeza karibu. Kisha akampa Siti.

"Mwanangu, nisomee. Wameniandikia nini?"

Siti akasoma. Mteja wa Pangani alikuwa amemtumia pesa ya oda ya vitumbua vya hitima. Wifi akauliza, "Umeona kabisa pameandikwa nimepokea? Soma tena pale kwenye namba." Siti akasoma tena. Akamfanya asome mara tatu.

Baadaye alitueleza kwa nini. Mwaka mmoja nyuma kijana mmoja alichukua vitumbua vya sherehe nzima, akamuonyesha ujumbe kwenye simu yake kuwa ameshatuma. Wifi akatikisa kichwa kama aliyesoma. Hakuna kilichotumwa. Hakumwambia mtu, kwa aibu. Na kule hospitali, siku ile, walipompa fomu aliweka dole gumba huku akisema miwani ameisahau. Wifi hana miwani.

Jioni tukiwa wawili tunaosha vyombo, nikamuuliza moja kwa moja. Nikamwambia, wifi, wewe una akili ya kuzaliwa, umejifunza mambo makubwa bila shule. Hukasiriki?

Akasuuza sahani, akaipanga.

"Kupika ningejua tu, wifi, hata ningesoma," akasema. "Kupika kunamkosa nani?"

Nilichokuwa nakitafuta

Usiku ule nilivitoa vitabu vyangu tena, nikavisoma kwa jicho jingine. Sisemi waandishi wale ni waongo. Mengi nimeyaona kwa macho yangu yakifanya kazi juu ya meza yangu. Ila nyumba wanayoiandika wao ni nyumba yenye vitabu tayari, na kwao mlango wa mitihani na vyuo uko wazi hata kwa mtoto asiyepita shuleni. Mimi ningemtoa Siti kwenye orodha ya shule nikiwa na oveni moja na moyo wa shauku, halafu shauku ikipoa je? Ananikabidhi cheti gani?

Na kuna jambo lililoniuma zaidi. Siti hakuwahi kusema hataki shule. Alisema amechoka. Aliyekuwa hataki shule ile, basi lile na foleni ile alikuwa mimi. Nilikuwa nimemkosa mwanangu, nikadhani dawa ni kumfungia ndani tuwe wote.

Nikaichana ile barua. Nikamfuata Baba Siti barazani, nikamwambia nimeelewa kuhusu dada yake. Lakini nikamwambia na yeye anielewe: mtoto wa miaka 8 kuamka saa kumi usiku siwezi tena. Akasema, "Hilo ulikuwa hujaniambia." Na kweli, sikuwa nimemwambia. Nilimpelekea jibu kabla ya kumpa swali. Wanandoa, hapo tunaanguka wengi.

Siku hizi

Januari tulimhamishia Siti shule ya karibu na nyumbani. Anatembea dakika kumi na tano. Anaamka saa kumi na mbili, anakunywa chai kama binadamu. Haina jina kubwa, darasa lina watoto wengi zaidi, na kuna marafiki walioniuliza kwa upole kama "mambo yamebana". Kiingereza chake nakisaidia mimi. Ofisini niliomba kuanza saa moja asubuhi ili Jumanne na Alhamisi nitoke saa tisa. Bosi alinung'unika, akakubali kwa majaribio. Siku nyingine foleni inanishinda vilevile.

Tuisheni ya Jumamosi tumeifuta. Asubuhi hiyo ni ya jikoni, na sheria ni moja: kinachopimwa kinaandikwa, na kilichoandikwa kinasomwa kwa sauti. Muhula uliofuata Siti alipanda mpaka nafasi ya 23. Si miujiza. Nadhani ni usingizi.

Baba Siti? Mwezi wa pili alirudi na kifurushi cha gazeti. Ndani kulikuwa na chuma cha vitumbua. Akaloweka mchele mwenyewe Ijumaa usiku, akakuna nazi, na Jumamosi akatugeuzia vitumbua mikono yake ikikumbuka yenyewe. Siti akampigia shangazi simu kuuliza kwa nini vya baba vinashika chini. Vicheko vilivyotoka upande wa pili mpaka leo navisikia.

Siku hizi kila Jumamosi Siti anamtumia shangazi yake ujumbe wa maneno matatu manne kwa herufi kubwa. LEO TUNAPIKA SKONZI. Wifi anapiga simu kujibu. Juzi hakupiga. Tulishaanza kuwa na wasiwasi, ndipo ujumbe ukaingia, neno moja tu: VIMEUMUKA

Baba Siti aliishika ile simu kwa muda mrefu. Kisha akampa Siti amjibu.

SKONZI ZA SITI

Unga wa ngano vikombe 4, hamira vijiko 2 vya chai, sukari robo kikombe, chumvi nusu kijiko cha chai, iliki ya kusaga kidogo, yai 1, siagi vijiko 3 vya chakula, maziwa ya uvuguvugu kikombe kimoja na robo hivi.

Changanya vikavu, tia yai na siagi, mimina maziwa kidogo kidogo. Kabla hujamimina, chovya kidole kwenye maziwa. Kikiungua, subiri, usije ukaua hamira kama mimi. Kanda dakika 10 mpaka donge liwe laini. Funika, liache saa moja lijae. Kata madonge madogo, yapange kwenye trei iliyopakwa mafuta, yaache dakika 30 yaumuke tena. Oka nyuzi 180 kwa dakika 20 hivi, mpaka zipate rangi ya kahawia. Zipake siagi zikiwa za moto.

Mwachie mtoto apime. Akikosea, mle hivyo hivyo.